Aongezewe Chuma

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi naongeza langu: mchomeleaji anaweza kushinda kutwa nzima katikati ya chuma, chuma kwenye nywele, chuma puani, chuma hadi kwenye pindo la soksi, na bado akakosa chuma pale hasa kinapotakiwa. Cheka ukipenda. Wenyewe nao walicheka, lakini baadaye sana, na kabla ya hapo nusura wampoteze mkimbiaji mzuri kwa sababu ya neno moja.

Binti huyo mkimbiaji walimwita Cheche. Jina alipewa na mjomba wake siku ya kwanza alipoingia karakana, ana miaka kumi na tisa, akashika mashine ya kuchomelea kwa pupa na kurusha cheche hadi kwenye shati la mteja. Mteja alilipwa shati, Cheche akabaki na jina. Miaka tisa baadaye ndiye aliyekuwa fundi wa kutegemewa pale kwa mjomba. Mageti, madirisha, ngazi za kupandia kwenye matangi ya maji, vyote vilipita mikononi mwake, na ukitaka kujua kazi yake ilikuwa safi kiasi gani, pitisha kidole kwenye maungio. Hutakwaruzika.

Alfajiri na jioni alikimbia. Klabu ya riadha ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka karakana, kwenye kiwanja chenye majukwaa upande mmoja tu na geti kubwa la chuma ambalo Cheche mwenyewe alilitengeneza. Mbio zake zilikuwa mita elfu kumi, mizunguko ishirini na mitano. Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake. Kila mwaka klabu zilikutana kuchagua watatu wa kwenda mashindano makubwa, na miaka miwili mfululizo Cheche alikimbia na wa mbele hadi mzunguko wa kumi na nane. Halafu miguu ikawa si yake. Wa nne wakampita, wa tano, wa saba, hadi dada mmoja mpole anayekimbia huku anatazama saa.

"Cheche huruka, cheche huzimika," walisema watu wa kwenye majukwaa. Wakaona wamesema jambo la maana.

Kocha alikuwa mtu wa filimbi na maneno machache, na katika hayo machache alilopenda kuliko yote ni hili: "Usilaze damu!" Mvua, jua, umeamka vizuri au vibaya, kwake mtu akipunguza mwendo basi analaza damu, kwa maana ya uvivu, hakuna mjadala. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba kila ugonjwa wa mkimbiaji ni uvivu uliovaa koti. Miezi minne na nusu kabla ya uchaguzi alimwita Cheche kando.

"Mwaka huu nakuandika," alisema. "Ni mara ya tatu. Ya nne sitakuandika, nisikudanganye. Kuna wasichana wa miaka ishirini wanaisubiri hiyo nafasi."

Cheche aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba siku hizi hata ngazi ya karakana ilimfanya asikie moyo unampiga masikioni. Angeanzaje? Nyumbani kwao uchovu ulikuwa na mwenyewe tayari.

Mwenyewe alikuwa mama yake. Mama alikuwa mshonaji, na alichagua ushonaji kwa sababu hufanywa umekaa. Kabla ya hapo aliwahi kufanya usafi ofisini wakamwondoa, akauza dukani kwa watu wakamwondoa, sababu ni ileile, wakimtafuta wanamkuta amekaa. Sokoni alipumzika mara tatu kwenda na mara nne kurudi. Majirani walimbatiza Mama Ngoja-Nipumzike, na yeye akalipokea jina kwa kicheko, maana ukicheka wewe kwanza wengine hawana raha ya kukucheka. Kaka yake, yaani mjomba wa karakana, alikuwa na mzaha wake wa kudumu: "Dada yangu huyu alizaliwa amechoka." Mama alikuwa na miaka arobaini na minane. Mfuko wa gauni lake haukukosa mchele mbichi, akawa anatafuna punje moja moja huku cherehani inakwenda. Watu walidhani ni mazoea tu.

Siku za mashindano Mama hakupanda majukwaani. Aliweka kiti chake kando ya geti kubwa, akasema, "Mimi nalinda geti la mwanangu." Ngazi za majukwaa zilikuwa thelathini na mbili. Cheche alizihesabu akiwa mdogo, na aliujua ukweli ambao wote wawili hawakuusema.

Basi, kama kila mwaka, klabu iliwapeleka wanariadha wake zahanati kupimwa. Majibu yalirudi kwa Kocha kwenye karatasi moja, jina na maelezo mafupi mbele yake. Jioni ile Kocha aliwasomea uwanjani. Huyu mzima, huyu mzima, huyu ameze dawa ya minyoo. Akafika kwa Cheche, akavuta karatasi karibu na macho.

"Damu yatosha kwa sasa. Chuma ni kidogo mno. Aongezewe chuma, haraka."

Sasa hapa inabidi nikueleze kitu, la sivyo utawaona watu hawa ni hamnazo. Katika klabu ile neno chuma lilikuwa na maana moja tu. Chini ya majukwaa kulikuwa na chumba cha vyuma vya kunyanyua: nondo mbili nene, na makopo ya rangi yaliyojazwa zege kila upande. Cheche ndiye aliyeyachomelea. Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za chuma. Asiyenyanyua walimwambia ana chuma kidogo. Kwa hiyo karatasi iliposema aongezewe, hakuna aliyekuna kichwa.

"Mnaona?" Kocha alisema, na hakika alifurahi. "Nimesema muda wote, sauti imenikauka. Hata zahanati wameliona. Kuanzia kesho siku tano kwa wiki."

Na Cheche, fundi chuma, binti wa karakana, naye hakushangaa. Aliona aibu kwamba mikono yake imemwangusha.

Wiki tatu alinyanyua. Alichuchumaa na nondo mabegani hadi magoti yakalia. Aliyekuwa amechoka sasa alichakaa. Usiku alilala kama aliyepigwa, asubuhi akaamka kama hakulala. Alijiambia ni dawa chungu, itafanya kazi. Watu wenye bidii ndivyo walivyo, ukiwapa adhabu wataifanya vizuri kuliko kazi.

Asubuhi moja ya wiki ya nne alikuwa anachomelea geti la shule. Mstari wa kuchomelea ulimpinda kama mwendo wa mlevi. Mjomba alipita, akasimama, akainama.

"Nani kachomelea hapa?"

Cheche alivua kinyago. Karakana ilikuwa inazunguka polepole. Alikaa juu ya rundo la nondo, akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Ngoja nipumzike kidogo, Mjomba."

Mjomba alicheka, maskini, hakujua. "Loo. Mama yako mtupu."

Ilimchoma kuliko kipande cha moto. Si kwamba hakumpenda mama yake, alimpenda mno. Lakini kila mzunguko aliowahi kukimbia tangu utoto ulikuwa wa kulikimbia neno hilo, na sasa limemkuta amekaa. Aliogopa. Aliogopa kwamba ndivyo walivyoumbwa, kwamba mama alikuwa anamwonyesha tu njia. Akalia pale juu ya nondo, na mjomba, ambaye hakuwahi kumwona analia, akazima mashine zote na kusema kwa sauti ndogo, "Nenda zahanati, mwanangu. Geti hili nitalikata nilirudie mimi."

Maabara ya zahanati ilikuwa chumba chembamba chenye friji, darubini na mama mmoja mfupi aliyening'iniza miwani kwa kamba ya viatu. Ndiye aliyeandika ile karatasi. Alipomwona Cheche alikunja uso.

"Wewe niliandika uongezewe chuma. Wamekuongezea?"

"Wameniongezea. Siku tano kwa wiki."

"Siku tano? Vidonge gani hivyo?"

"Vidonge?" alisema Cheche. "Nondo."

Mama wa maabara alivua miwani. Alimtazama msichana yule, mabega yamevimba, midomo imepauka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akacheka hadi akashika meza, kisha ghafla kikakatika, akaona haya.

"Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu. Niliandika kama ninamwandikia tabibu mwenzangu. Chuma nilichosema mimi ni cha kwenye chakula, kile kinachotengeneza damu. Mtu anaugua, halafu nimemtwisha mizigo! Kaa. Kaa hapo nikueleze taratibu."

"Kocha anasema nalaza damu," Cheche alisema.

"Damu yako hailali. Inafanya kazi ya watu wawili. Kilichokwisha ni ghala." Alimfungulia daftari la majibu. "Damu iliyo mishipani inakutosha kutembea, kufua, kuchomelea geti. Ndiyo maana ukipimwa juu juu unaambiwa u mzima. Lakini mwili una ghala la chuma, na wewe, kwa kipimo chetu, ghalani imebaki saba. Mkimbiaji ningependa awe na thelathini, hata zaidi. Unapoanza kukimbia, mwili unakwenda ghalani, unakuta vumbi."

"Kimekwenda wapi?"

"Unakitoa kwa jasho. Unakitoa kila mwezi. Hata nyayo zako zikipiga chini, kila hatua inavunja chembe chache za damu, na wewe unapiga hatua ngapi kwa wiki? Halafu unachokula hakifidii."

Akampa vidonge, na masharti yake. Hapa ndipo Cheche alipotega sikio, maana mama wa maabara, bila kujua kazi ya msichana yule, alisema hivi: "Tumboni kuna geti na mlinzi wake. Ukikimbia sana, mlinzi hufunga kwa saa kadhaa. Ukimeza vidonge vingi kila siku, pia hufunga. Kwa hiyo kimoja tu, siku moja ndiyo, siku inayofuata hapana, asubuhi, kabla ya mazoezi, tumbo tupu. Sukumia na maji ya chungwa au ndimu, hayo ni mafuta ya bawaba. Na chai usiilete karibu. Chai hukikamata chuma njiani kabla hakijafika getini, ukaishia kukitupa chooni. Chooni penyewe patakuwa peusi, usishtuke."

"Mambo ya geti nayaelewa," Cheche alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alitabasamu.

Kocha alipoelezwa aliitoa ile karatasi mfukoni. Aliisoma tena, na tena. Halafu akaingia chumba cha chini ya majukwaa, akazibeba nondo zote mbili mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazisukuma nyuma ya kabati. Alitoka anahema. "Wiki mbili unakimbia polepole," alisema. "Na ukiulizwa nani alikuongezea chuma, nitaje." Kwa mtu kama yule, huko ni kuomba radhi kwa magoti.

Ingekuwa hadithi ya kutunga tu ningesema alimeza akapona. Lakini nyumbani kulikuwa na Mama, na Mama alikuwa na chupa ya chai.

Chupa ile ilikuwa ndiyo mapenzi yake. Mtu asiyeweza kwenda naye mazoezini, asiyeweza kupanda ngazi kumshangilia, aliamka kabla yake kila siku kumchemshia. Alipoambiwa hakuna chai na dawa alielewa vizuri kabisa. Chai ni mbaya, sawa, tutaacha chai. Kesho yake alimpelekea mwanawe kidonge na kikombe cha maziwa ya moto, majani kidogo tu ya kuondoa harufu, sukari, basi.

"Mama, hii si chai?"

"Chai ni ile ya rangi," alisema Mama. "Haya ni maziwa. Kwani dawa utaimezea nini, mate?"

Na mtoto wa watu akameza. Maji ya ndimu alikunywa saa nne karakana, alipokumbuka. Wiki sita walikwenda hivyo, kwa uaminifu mkubwa, wakitia tiki kwenye kalenda ya ukutani. Cheche alirudi zahanati na kalenda yenyewe ili aonyeshe hakuruka hata siku moja ya dawa. Mama wa maabara alipima. Saba imekuwa tisa.

Ulikuwa ni ukuta. Wiki sita zimeliwa, zimebaki tisa kabla ya uchaguzi. Cheche aliitazama ile tisa ya daftarini, akaikunja kalenda yake. Akasema, "Basi ndivyo tulivyoumbwa."

"Nani amekuumba hivyo?" Mama wa maabara aliuliza kwa ukali kidogo. "Kidonge unamezea nini?"

"Maziwa."

"Maziwa matupu?"

"Ya moto. Mama anatia majani, lakini kidogo. Si chai."

Mama wa maabara aliweka kalamu mezani. Safari hii hakucheka. "Maziwa nayo huzuia, mwanangu. Na majani ni majani. Hayajui kwamba ninyi mmeyabadilisha jina. Kesho niletee huyo mama yako."

Mama alikuja na gauni lake la kutokea. Ukumbi wa zahanati haukuwa mrefu, lakini alikaa mara mbili kwenye mabenchi, akijifanya anasoma matangazo ya ukutani. Alipofika maabara na kuelezwa kuhusu maziwa, aliinama.

"Nilikuwa nampa kwa mkono huu, namnyang'anya kwa huu," alisema. Machozi yakamdondokea mapajani. "Mimi mwenyewe. Kila asubuhi."

"Mama, hukujua," alisema Cheche. Alimshika bega, na bega lilikuwa baridi.

Mama wa maabara hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama vidole vya Mama, ambavyo kwa huzuni vilikuwa vimeingia mfukoni, vikatoka na punje tatu, vikazipeleka mdomoni.

"Unatafuna nini, dada?"

"Mchele." Mama aliona haya. "Mbichi. Ni tabia mbaya, najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipompata huyu. Labda na kabla."

Mama wa maabara alizunguka meza. Alishika uso wa Mama kwa upole, akavuta kope ya chini, ndani yake palikuwa peupe. Akageuza mikono yake, kucha zilikuwa nyembamba, zimebonyea katikati kama vijiko. Alichukua sindano, akatoa damu, akawaambia wasubiri.

Cheche alikuja kusimulia kwamba kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko mizunguko ishirini na mitano. Mama wa maabara aliporudi alivuta kiti, akakaa mbele ya Mama, magoti kwa magoti.

"Dada, binti yako ghala lake ni tupu lakini damu anayo. Wewe damu yenyewe ni nane, inatakiwa kumi na mbili. Ghalani nimekuta mbili. Siku zako huchukua muda gani?"

"Wiki. Wakati mwingine siku kumi. Si ndivyo ilivyo kwa wote?"

"Hapana. Si kwa wote. Leo hii utaonana na daktari, atafute unavuja wapi. Kula mchele mbichi nako ni mwili unaomba chuma, hujui uombacho. Sasa hebu niambie, miaka yote hii umekuwa unatembea kwa nguvu gani?"

Mama alifikiri. "Kwa mazoea," alisema.

Mashine fulani ilikuwa inanguruma kwenye kona. Mama aliinua uso, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, ya mtu anayeuliza kitu alichoogopa kukiuliza maisha yake yote.

"Kwa hiyo si uvivu?"

"Nani?" mama wa maabara aliuliza. "Wewe? Mtu mwenye damu nane, umelea, umeshona, umeamka kila alfajiri? Dada yangu, mvivu asingeweza hata wiki moja."

Mama alilia tena, kilio kingine kabisa. Cheche naye akalia. Nami sioni haya kusema kwamba hapo ningelia pia. Miaka thelathini mtu anabeba tusi, kumbe ni ugonjwa, na ulikuwa na jina, na ulikuwa na dawa.

Kuanzia siku ile walimeza pamoja. Daktari alimkuta Mama na uvimbe mdogo kwenye kizazi, wa kutibika, akampa dawa ya kupunguza siku zake. Kalenda ikawa na tiki mbili, ya bluu na ya kijani, siku moja ndiyo na siku moja hapana, saa kumi na moja na nusu alfajiri, glasi mbili za maji ya chungwa. Chupa ya chai haikufukuzwa, jamani, sisi si wanyama. Ilihamishwa ikawa saa tano asubuhi, tumbo likiwa limemaliza shughuli zake. Maharage yakakamuliwa ndimu, mboga za majani ndimu, maini mara moja kwa wiki, dagaa walipopatikana. Choo kikawa cheusi kama masizi, wakaulizana kila asubuhi kama wanavyoulizana habari za kulala.

Haba na haba hujaza kibaba. Wiki ya tatu Cheche aligundua amepanda ngazi ya karakana huku anaongea. Wiki ya tano Kocha alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Mama yeye alikuja kushtuka siku moja jioni alipotia mkono mfukoni, akakuta punje zilezile za juzi. Alikuwa amesahau kuzila. Wiki moja kabla ya uchaguzi walipimwa wote wawili. Cheche ishirini na nane. Mama damu kumi na moja na nusu.

"Bado hatujafika," alisema mama wa maabara. "Lakini geti liko wazi."

Siku ya uchaguzi jua lilikuwa la wastani na uwanja umemwagiwa maji. Wasichana kumi na sita walijipanga. Kocha hakusema kitu kuhusu damu wala kulala. Alimgusa Cheche begani tu, akasema, "Kimbia zako."

Alikimbia zake. Mizunguko kumi ya kwanza alikaa wa sita, hakurusha cheche yoyote, na wale wa majukwaani wakaanza kunong'ona kwamba leo hata kuwaka hajawaka. Kila alipopita upande wa geti alitupa jicho kwenye kiti cha Mama. Mzunguko wa kwanza alikuwepo, amekaa. Wa nne alikuwepo. Wa tisa kiti kilikuwa kitupu.

Hofu ilimwingia. Aliwaza ameanguka, wamempeleka wapi, na nusura atoke nje ya mstari. Mzunguko wa kumi na mbili bado kitupu. Lakini mtu hawezi kukimbia na kulia kwa wakati mmoja, basi akapiga moyo konde, akajiambia Mjomba yuko huko, nitauliza nikimaliza.

Ukafika wa kumi na nane. Aliusubiri ule uchovu kama unavyomsubiri mgeni mkorofi unayejua saa yake ya kuja. Ulikuja. Uliuma mapajani, ukauma kifuani. Ila safari hii Cheche alipokwenda kuchukua nguvu ghalani alikuta kitu. Si kingi. Kilitosha. Alimpita wa tano kwenye mzunguko wa ishirini, wa nne kwenye wa ishirini na tatu, na kengele ya mzunguko wa mwisho ilipogongwa mbele yake alikuwepo yule dada mpole wa kutazama saa, anashikilia nafasi ya tatu. Cheche alimkuta kwenye kona, akampita kwenye mstari mnyoofu. Yule dada, nasikia, alitazama saa yake na kutikisa kichwa.

Wa tatu. Jina lake likaandikwa.

Kocha alikuja mbio na filimbi mdomoni, akasahau kuitoa, kila alilosema likatoka mluzi. Cheche hakumngoja. Alikwenda getini akiwa na viatu mkononi. Kiti kitupu. Alimwuliza mlinzi, mlinzi akanyoosha kidole juu.

Mama alikuwa kwenye safu ya juu kabisa ya majukwaa. Alikuwa amesimama. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekivua, anakipunga kama anafukuza ndege.

Cheche alipanda. Alipofika juu, Mama ndiye aliyeanza, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Nilitaka kuuona mzunguko mzima. Pale chini huwa naona kipande tu, unapita, unapotea." Akashika uso wa mwanawe kwa mikono yote miwili, na mikono ilikuwa na joto. "Ngazi nimepumzika mara moja. Na hata hiyo nilikuwa nafunga kitambaa."

Hapo ndipo waliposikia mtu anahema chini yao. Mjomba alikuwa amemfuata dada yake, ana tumbo lake na mafuta ya karakana kwenye kola, na alikuwa amekwama kwenye ngazi ya kumi na tisa, mkono mmoja kwenye chuma cha kushikia, mwingine umeinuliwa kuomba muda.

"Ngojeni," alisema. "Ngojeni nipumzike."

Mama alimtazama kaka yake kutoka juu. Miaka mingapi ya mzaha ilikuwa pale kati yao, angeweza kuirudisha yote kwa neno moja, na Cheche aliona midomo yake ikichezacheza. Halafu Mama alishuka ngazi kumi na tatu, akakaa kando yake, akamfuta jasho kwa kile kitambaa.

"Pumzika, kaka," alimwambia. "Wala si uvivu."